Mteja Asiyeweza Kuhama Mtandao

Asubuhi moja pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, nilisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa. Mkono wa kulia unatawanya dagaa kwenye kichanja, wa kushoto umeshika simu ya batani yenye laini mbili. Akapiga kwa laini ya kwanza, ikagoma. Akasonya, msonyo mrefu wa mtu aliyeamka saa tisa usiku, akabadilisha laini, akapiga tena. Mteja wake wa Kasulu akapokea, bei ya ndoo ikakubaliwa, simu ikarudi kwenye fundo la khanga. Yote hayo hayakufika dakika mbili.

Kwenye kampuni za simu kuna watu wanaolipwa mshahara mnono kuhesabu misonyo kama ule. Wateja wangapi wamehama wiki hii, wamehamia wapi, kisa nini. Idadi ikizidi, kuna mkubwa anaitwa kwenye kikao na anatoka huko kalowa jasho. Bei za vifurushi hushuka kwa sababu hiyo, minara husimamishwa kwa sababu hiyo. Mama wa Kibirizi pengine hajawahi kuandika barua ya malalamiko maishani mwake, lakini kidole gumba chake kimewafunza kazi wakurugenzi wengi.

Ndiyo maana ninaposoma habari kwamba mkurugenzi fulani wa kampuni ya kompyuta, simu au takwimu amekabidhi ofisi na kwenda kuongoza taasisi ya hisani, siulizi kama ana huruma. Huruma anayo, asingekuwa nayo angenunua boti la kifahari akaenda zake. Wala siulizi kama anaijua Afrika. Atasoma, ataletewa ripoti, atapanda ndege aje aone. Ninachouliza ni kimoja: huko aendako, nani atamsonya?

Njia hii ya kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye hisani imeshakanyagwa na wengi. Patty Stonesifer alikuwa kigogo wa Microsoft kabla ya kuanza kusimamia shughuli za hisani za familia ya Gates mwaka 1997, na taasisi kubwa tunayoijua ilipoundwa mwaka 2000 yeye ndiye aliyekuwa mtendaji wake. Mwaka 2008 akamwachia kiti Jeff Raikes, naye wa Microsoft, aliyekuwa akisimamia kitengo cha programu za ofisini, zile ambazo kila katibu muhtasari wa halmashauri anazitumia kuandika mihtasari. Juni ya mwaka huohuo Bill Gates mwenyewe aliacha kazi ya kila siku ya kampuni aliyoianzisha mwaka 1975, akahamishia nguvu zake kwenye taasisi. Hesabu miaka: kuanzia 1997 hadi 2014, alipokuja daktari wa saratani, Sue Desmond-Hellmann, usukani wa chombo kikubwa kuliko vyote vya hisani ya afya duniani ulikuwa mikononi mwa watu waliokulia kwenye biashara ya programu za kompyuta.

Na huku kwetu yupo Mo Ibrahim, Msudani aliyeanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Celtel mwaka 1998. Wengi wetu huku mwisho wa reli laini yetu ya kwanza ilikuwa ya Celtel. Ikaitwa Zain, ikaitwa Airtel, namba ikabaki ileile. Ibrahim aliiuza kampuni mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4, na mwaka uliofuata akaanzisha taasisi yake. Hakuchimba kisima hata kimoja. Alianza kuwapima marais: faharisi ya utawala kila nchi na alama zake, na tuzo ya dola milioni 5 kwa kiongozi aliyechaguliwa kihalali, akatawala vizuri na kuondoka muda wake ulipokwisha. Joaquim Chissano wa Msumbiji alikuwa wa kwanza, mwaka 2007. Miaka mingi baada ya hapo kamati imekaa, imetazama orodha ya wastaafu, ikafunga faili bila kumpa mtu. Hilo nalipenda, nakiri. Ni hisani inayowasonya wakubwa hadharani.

Turudi kwa Raikes, maana kisa chake ndicho kinachonisumbua zaidi. Ni mtoto wa familia ya wakulima wa Nebraska, katikati ya Marekani. Alipokaa kwenye kiti cha taasisi alifanya jambo ambalo mtu wa programu za kompyuta hulifanya bila kufikiri mara mbili: akataka kujua watumiaji wanasemaje. Asasi moja ya Marekani inayopima taasisi za hisani ikaendesha utafiti kwa mashirika yaliyokuwa yanapokea ruzuku za Gates, na mwaka 2010 Raikes akayatangaza matokeo. Hayakuwa matamu. Mashirika yalisema taasisi haieleweki inataka nini, na yaliona taasisi nayo haiwaelewi wao wanataka nini. Bwana yule hakuyaficha, aliandika akakiri na kuahidi marekebisho. Ni nadra mtu anayegawa pesa kukiri mbele ya anaowagawia kwamba hawasikii vizuri.

Sasa tazama walioulizwa ni akina nani. Mashirika. Watu wenye ofisi, barua pepe, mhasibu na gari lenye nembo mlangoni. Hao ndio waliohesabiwa kuwa wateja. Mama aliyelala leba, mvulana aliyefundishwa kwa mtaala uliolipiwa na ruzuku, mkulima aliyepewa mbegu, hawa hawamo kwenye orodha ya waliotumiwa dodoso. Na hata wangetumiwa, wangejibu nini? Mpokea ruzuku anayelalamika bado anasubiri ruzuku ya mwakani, na anajua hivyo anapojaza fomu. Huku chini kabisa hali ni hiyohiyo, tena mbaya zaidi. Ukimuuliza bibi wa kijijini huduma ya bure ameionaje, atakwambia ni nzuri sana mwanangu, Mungu awabariki. Alichojibu hapo ni salamu, na mwenye kishikwambi anakwenda kuiandika kama takwimu.

Najua kwa sababu kishikwambi hicho nimewahi kukishika mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi ya udadisi wa siku kumi na nne kwa mradi mmoja wa afya. Shirika lenyewe sitalitaja. Tulipanda boti kwenda vijiji vya mwambao wa kusini, ule upande ambao ziwa ndilo barabara, tukiwa na vishikwambi vyenye maswali mia moja na kitu. Kwenye nyumba moja nilimkuta mama wa makamo anachambua maharage kwenye ungo. Shikamoo, marahaba, karibu, tukaanza. Tukaenda vizuri hadi swali lililosema: kutoka hapa hadi kituo cha afya kilicho karibu ni dakika ngapi?

Akaacha maharage. Akanitazama kama ninamchezea. "Kwa upepo upi?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayemfundisha mtoto wa mjini, kwamba ziwa likiwa shwari na injini ikiwapo ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Kusi kikivuma, boti haitoki. Inaweza isitoke leo wala kesho. Na injini ikiwa imeazimwa na wavuvi wa dagaa, unasubiri warudi alfajiri. Mwenyewe aliwahi kusubiri. Hakuniambia yaliishaje na sikuthubutu kumuuliza.

Kisanduku cha jibu kilikuwa kinakubali tarakimu tu. Nikaandika "inategemea upepo", kikawa chekundu. Nikaacha wazi, kikanikatalia kwenda swali linalofuata. Nikampigia msimamizi wangu, mtandao ukagoma, nikapanda mwinuko wa nyuma ya nyumba nikampata. Akasikiliza, akapumua, akasema: "Weka tisini tuendelee." Nikaweka tisini. Mpaka leo ile 90 ipo mahali fulani, imejumlishwa na za wenzake, imezaa wastani, wastani umechorwa kwenye grafu, na grafu imeonyeshwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Simlaumu aliyechora. Yeye aliletewa tarakimu.

Msomaji atadhani naelekea kusema watu wa takwimu warudi kwao. Hapana. Kigoma ni mahali pagumu pa kusemea hivyo, kwa sababu mmoja wao alitufaa.

Michael Bloomberg alifukuzwa kazi kwenye kampuni ya Salomon Brothers mwaka 1981, akachukua kiinua mgongo chake na kuanzisha biashara ya mashine za kuwaonyesha watu wa benki bei za soko papo kwa papo. Utajiri wake wote umetoka kwenye tarakimu inayofika haraka kuliko ya jirani. Mwaka 2006, akiwa bado meya wa New York, taasisi yake ilianza kugharamia kazi ya kupunguza vifo vya kina mama wajawazito Tanzania, na mkoa wetu ukawa miongoni mwa ya kwanza. Kigoma ya wakati ule msomaji wa mkoani anaikumbuka: barabara ya vumbi hadi koo linakauka, umeme wa jenereta za dizeli, hospitali chache, na mama mwenye uchungu pingamizi anabebwa kwa machela au baiskeli.

Kinachoua mama wakati wa kujifungua kinajulikana: kuvuja damu, kifafa cha mimba, mtoto kukwama, maambukizi. Kwa mengi ya hayo suluhisho linajulikana pia, ila linataka chumba cha upasuaji kilicho karibu na mtu wa kukitumia. Mradi haukujenga hospitali ya kupigia picha. Ulichukua vituo vya afya vya serikali vilivyokuwapo, ukaviongezea vyumba vya upasuaji, jenereta, vifaa na nyumba za watumishi. Kisha ukawapeleka madaktari wasaidizi kusomea upasuaji wa dharura wa uzazi, na wauguzi kusomea kazi ya usingizi, kwa miezi mitatu, wakarudi vituoni. Daktari bingwa ukimleta Kakonko atakaa mwaka mmoja, akipata uhamisho anaondoka na ubingwa wake. Daktari msaidizi aliyeoa huko, mwenye shamba la mihogo huko, anabaki.

Hapa niweke jambo sawa, maana ripoti za Kiingereza hupenda kulirukia. Wazo la kumpa daktari msaidizi kisu cha upasuaji halikutoka New York. Tanzania ilianza kuwaandaa madaktari wasaidizi miaka ya 1960, na walikuwa wanapasua kina mama kwenye hospitali za wilaya miongo mingi kabla Bloomberg hajaijua Kigoma iko wapi. Sifa yake, na ni sifa kubwa, ni kwamba alikubali kulipia wazo la wenyeji badala ya kuja na la kwake. Mkurugenzi wa teknolojia aliyezoea kuitwa mbunifu hukubali jambo hilo kwa shida sana.

Sifa ya pili ni kuondoka kwa utaratibu. Mishahara ilikuwa ya halmashauri, majengo yalikuwa ya serikali, na miaka ya 2010 ilipokaribia kwisha mradi ulikabidhi. Haukuacha kituo chenye jina la tajiri getini. Ulipimwa pia, tena na watu wa nje, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kwa kufuatilia kina mama vituoni na majumbani. Ukiwa na mtu wa takwimu kileleni, angalau anataka kujua.

Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi katika kazi yote ile hakihitaji jenereta. Thamini Uhai, shirika la Kitanzania lililokuwa linatekeleza, lilijaribu katika baadhi ya vituo vya Kigoma kumruhusu mama awe na mtu wake leba. Ndivyo tu. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi anajua uzito wake. Mkwe ameshika chupa ya chai, beseni liko miguuni, ndani yake khanga mbili, pamba na wembe ambao haujafunguliwa. Sauti ya mwanao unaisikia kupitia dirishani, na mlango umefungwa. Ukisogea unaambiwa rudi nyuma mama. Wanawake wa huku, kama wa Tanga na wa Mbeya, wamekuwa wakiogopa kuzaa peke yao katikati ya wageni wenye haraka kuliko wanavyoogopa umbali. Hofu hiyo nayo inaua, kwa sababu inamfanya mtu abaki nyumbani hadi usiku wa manane.

Mlango ule kufunguliwa ni jibu la swali ambalo kishikwambi changu hakikuwa nalo. Mtu alimsikia mama akisonya.

Na teknolojia ikikaa mahali pake, inakaa kweli. Namba 115 ya m-mama ni mfano ninaomtolea kila mtu. Taasisi ya Vodafone na washirika wake waliianzia Kanda ya Ziwa, serikali ikaipokea, na uzinduzi wa kitaifa ukafanyika mwaka 2022. Mjamzito akipata dharura inapigwa simu ya bure, mhudumu anauliza maswali kwa kufuata mwongozo, gari la wagonjwa likiwa halipo anatafutwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, na malipo yake yanaingia kwenye simu. Kupokea simu, kumtafuta aliye karibu, kulipa bila karatasi: hizo ni kazi ambazo kampuni ya simu inazijua kuliko Wizara ya Afya, na ni sawa ikiombwa izifanye. Dereva wa teksi hakufundishwa uzalishaji, na mtu wa simu hakujifanya mkunga.

Takwimu za kitaifa zinasema vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ni tofauti kubwa hivi kwamba wataalamu wenyewe wanabishana kidogo kuhusu namna ya kuisoma. Watakaoiweka kwenye kurasa za mbele za ripoti zao kama kazi yao hawatakosekana. Waiweke. Mkunga wa zahanati hana ripoti ya kurasa za mbele.

Ukitaka kuona upande wa pili wa kipimo, panda treni urudi Tabora. Kijiji cha Mbola, wilaya ya Uyui, kilikuwa kati ya Vijiji vya Milenia vya profesa wa uchumi Jeffrey Sachs kuanzia mwaka 2006: mbolea, vyandarua, zahanati, shule, vyote kwa mkupuo mmoja. Watu wa Mbola walipata vitu vya kweli na sitawadharaulia. Ila mradi ulianza bila kuweka pembeni vijiji vya kulinganisha, na ulipofika wakati wa kuuliza nini kilitokana na mradi na nini kingetokea vyovyote, kwa kuwa simu, barabara na bei za mazao zilikuwa zinabadilika nchi nzima, wachumi wakagombana kwenye majarida kwa miaka. Sachs hakuwa mtu wa kompyuta. Kwa hiyo anayesema tatizo ni watu wa tarakimu aiulize kwanza Mbola iliyokosa tarakimu.

Jirani zetu wa Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, walipita njia nyingine. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianza mradi wa TACARE kwenye vijiji vya kandokando ya hifadhi, na hesabu yao ya mwanzo ilikuwa miche ya miti, kwa sababu vilima vilikuwa vimebaki vipara na sokwe wamebanwa. Wanavijiji wakasema yao: chakula, afya, shule za watoto. Mradi ukageuka ukaanza na hayo. Picha za satelaiti na simu za mkononi za wafuatiliaji wa misitu ya vijiji zilikuja baadaye sana, zikakuta watu wameshazoeana. Nadhani mpangilio huo, sikio kwanza na satelaiti baadaye, ndio uliofanya wazee wakae juu ya picha ya angani na kuonyesha kwa kidole mpaka wa kijiji uko wapi. Ungeanza na satelaiti, wangedhani unakuja kuchukua ardhi. Kwa uzoefu wa nchi hii wasingekuwa wajinga kudhani hivyo.

Sasa turudi kwa mkurugenzi wetu mpya, huyo ambaye magazeti ya biashara yanamsifu kwa kuacha faida na kufuata utu. Kwenye kampuni alikuwa na wakali watatu: mteja anayehama, mwenye hisa anayeuza, na mshindani asiyelala. Kwenye taasisi ya hisani wote watatu hawapo. Anayehudumiwa halipi, kwa hiyo hawezi kusitisha malipo. Mtoa pesa mara nyingi ni mwenyewe au rafiki yake. Mshindani hayupo, maana wilaya haiwezi kuwa na wafadhili wawili wanaogombea kutibu kifafa cha mimba. Taasisi ya Gates, yenye pesa kuzidi bajeti za baadhi ya nchi, iliendeshwa kati ya 2006 na 2021 na wadhamini watatu tu: mume, mke na rafiki yao Warren Buffett. Wadhamini wa nje waliongezwa mwaka 2022, akiwamo Strive Masiyiwa wa Zimbabwe, ambaye naye alitajirika kwa biashara ya simu. Ni hatua. Lakini nikiitazama orodha namwona tena bosi wa mtandao, simwoni mwenye laini mbili.

Najua jibu ninaloletewa kila ninaposema haya barazani Ujiji, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi: kwani serikali yenyewe unaweza kuihama? Kweli, huwezi. Ukikosa dawa zahanati huendi kwa serikali nyingine. Ila diwani unamjua kwake, na kila baada ya miaka mitano anakuja kukusalimia kwa unyenyekevu usio wa kawaida. Hata mtendaji wa kijiji, kwa utaratibu wa nchi, anatakiwa kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kila robo mwaka. Hayasomwi kila mahali, sote tunajua. Yanaposomwa, utamu wake haumo kwenye makaratasi. Umo kwa yule mzee wa nyuma kabisa anayenyoosha fimbo na kuuliza hiyo milioni mbili ya ukarabati wa choo ilikarabati choo kipi.

Mimi ningeanzia hapo. Mradi wowote wa taasisi ya hisani unaofanya kazi kijijini usomwe kwenye mkutano uleule, na mtendaji yuleyule au na meneja wa mradi mwenyewe, kwa Kiswahili na ikibidi kwa Kiha: pesa kiasi gani zimeingia kwa ajili ya kijiji hiki, kiasi gani kimekwenda kwenye magari na hoteli, mradi utaisha lini, utarithiwa na nani, dizeli ya jenereta itatoka wapi siku mtakapoondoka. Hilo la dizeli nalitaja kwa makusudi. Nimewahi kuona chumba cha upasuaji chenye taa nzuri kuliko za Maweni, hospitali yetu ya mkoa, mlango una kufuli, kwa sababu mtu wa usingizi kahama na mafuta yameisha. Mkutano wa kijiji ungeuliza swali hilo mwaka wa kwanza. Kina mama wangeuliza, kwa kuwa wao ndio wanaojua taa ikizimika nani anashika tochi.

Watasema ni mzigo, mameneja wana vikao vingi. Kampuni zao za zamani zilikuwa na vituo vya huduma kwa wateja saa ishirini na nne, zikiajiri mamia ya vijana kwa ajili ya kusikiliza watu wakifoka. Hawakuuona kuwa mzigo, kwa sababu aliyekuwa anafoka alikuwa na laini ya pili mfukoni.

Bill Gates alitangaza mwaka 2025 kwamba taasisi yake itatumia takriban dola bilioni 200 katika miaka ishirini kisha itafungwa tarehe 31 Desemba 2045. Namheshimu kwa kuweka tarehe; wengi hupenda majina yao yaishi milele. Lakini mtoto anayezaliwa leo Kibondo atakuwa na takriban miaka ishirini siku hiyo, na mengi yatakayoamuliwa kuhusu chanjo yake, mbegu za baba yake na leba ya dada yake yataamuliwa na watu ambao hatawahi kukaa nao kwenye mkutano mmoja. Wakurugenzi wa kuendesha fedha hizo watatoka wapi? Wengine watatoka tena kwenye kampuni za kompyuta, na siku hizi kwenye zile za akili mnemba, wakiwa na mashine zinazojibu kwa haraka kuliko mdadisi mwenye kishikwambi kwenye boti.

Mwaka uliofuata baada ya kazi ile ya mwambao walinipigia tena. Duru ya pili, vijiji vilevile, ili kuona mabadiliko. Nilikwenda, ada ya shule ilikuwa inanidai. Vishikwambi vilikuwa vipya, vyepesi, na programu ilikuwa imeboreshwa: sasa ilikuwa na picha ndogo ya uso unaotabasamu mwishoni. Nikateremsha orodha kwa kidole hadi kwenye swali lile. Lilikuwa palepale. Dakika ngapi. Tarakimu tu.

Yule mama alinikumbuka. Kabla sijafungua mdomo akaniwekea kigoda, akachungulia kioo cha kishikwambi, akasema, "Andika tisini mwanangu, upumzike."